Kaburi Lisilo na Mlango

Bondo hakuna stupa. Barabara inayotoka Kisian, ikapita Holo na Kombewa hadi Ndori kabla ya kuingia Bondo mjini, imejaa makanisa ya kila dhehebu na makaburi yaliyojengewa kwa vigae mbele ya nyumba, lakini kuba jeupe la Kibuddha hutaliona. Nimeianzia sura hii hapa badala ya Nepal au Sri Lanka kwa sababu tatizo ambalo stupa ilizuka kulitatua ni tatizo ambalo watu wa Bondo wanalijua hadi mifupani. Mtu mkubwa akifa, mwili wake ni wa nani? Ulazwe wapi? Na sisi tuliobaki tufanye nini mbele yake ili mioyo yetu itulie?

Kijijini Nyamira, nje kidogo ya mji, kuna boma linaloitwa Kang'o ka Jaramogi. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alifariki tarehe 20 Januari 1994 na kuzikwa hapo, na kaburi lake likajengewa nyumba yake na jumba la makumbusho kando. Tarehe 19 Oktoba 2025 mwanawe Raila alizikwa katika boma hilohilo. Alikuwa amefariki tarehe 15 huko Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo la Kerala kusini mwa India, alikokwenda kutibiwa. Alianguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Namtaja Raila si kwa ajili ya siasa, wala simpandishi daraja la watakatifu. Ni kwamba tarehe zile zilinirudisha kwenye kifo kingine cha mzee wa miaka 80, naye akiwa safarini kwa miguu, naye katika mji mdogo wa India usiotajwa sana. Buddha alifia Kusinara, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Maandiko ya Kipali yanasimulia kwamba mwanafunzi wake wa karibu, Ananda, alilalamika: Bwana, usife katika kijimji hiki cha kuta za udongo, kuna miji mikubwa yenye matajiri watakaokuzika kwa heshima. Akajibiwa kwamba hata Kusinara ilikuwa na enzi yake. Malalamiko ya Ananda yangeeleweka vizuri sana katika matanga yoyote ya Nyanza.

Ananda akauliza tena: mwili wako tuufanyeje? Jibu lake ndilo chanzo cha stupa zote zilizosimama leo kuanzia Sanchi hadi Japani. Ninyi watawa msijisumbue na mwili, wako watu wa kawaida watakaoshughulika nao. Uchomwe kama unavyochomwa mwili wa mfalme mkuu, kisha masalia yawekwe katika tuta lililojengwa pale njia nne zinapokutana. Akataja aina nne za watu wanaostahili tuta la namna hiyo: Buddha mwenyewe, mtu aliyepata mwangaza peke yake bila kufundisha wengine, mwanafunzi wa Buddha, na mfalme anayetawala kwa haki. Tena akatoa sababu, na sababu hiyo ni moja kwa wote wanne: watu wengi wakipita hapo wakakumbuka ni tuta la nani, mioyo yao itatulia.

Mambo mawili katika jibu hilo hunishika kila nikilisoma. La kwanza ni kwamba mtawala yumo. Wabuddha wa mwanzo hawakuona tabu kumweka mwanasiasa, tuseme hivyo, katika orodha moja na waliopata mwangaza, mradi alitawala kwa haki. La pili ni njia panda. Hakusema bomani kwa ukoo wake wa Sakya, wala ndani ya ua wa watawa. Alisema mahali ambapo kila mtu anapita na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake, hapa ni kwetu, wewe umefuata nini.

Lakini mwili ulipokwisha kuchomwa, mambo karibu yaharibike. Watu wa Malla wenye mji wa Kusinara walisema Bwana amefia kwetu, masalia ni yetu, hatumgawii mtu. Wajumbe wakaja wenye silaha: mfalme wa Magadha alitaka, Walicchavi walitaka, na Wasakya walitaka kwa hoja ambayo Mjaluo yeyote angeitegemea, kwamba marehemu ni damu yao. Jumla ya wadai ilikuwa wanane. Aliyewatuliza ni Brahmani mmoja aitwaye Drona. Aliwauliza kama inafaa kumwaga damu kwa ajili ya mifupa ya mtu aliyefundisha uvumilivu maisha yake yote, kisha akagawa masalia mafungu manane. Mwenyewe aliomba kile chombo alichogawia, na Wamoriya waliochelewa wakaambulia majivu na makaa. Matuta kumi yakajengwa.

Kwa hiyo stupa za kwanza zilikuwa hati ya mapatano kabla hazijawa pahali pa sala. Kila tuta lilishuhudia kwamba kulikuwa na vita vilivyokaribia kupiganwa na havikupiganwa, kwa sababu kila mdai alikubali kupata pungufu ya alichokitaka. Vitabu vya watalii hueleza utulivu wa stupa kwa weupe wa chokaa, bendera za sala na upepo wa milimani. Naona vinaanza mwishoni. Mtu hawezi kutulia mbele ya kaburi ambalo bado linagombaniwa, hata likipakwa chokaa mara ngapi.

Sisi tuna kesi yetu, na haikuishia kwa Drona. Wakili Silvano Melea Otieno, aliyejulikana kama S. M., alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika Matasia, kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, penye asili yake. Mahakamani waliitwa hata wachimba kaburi na wanafalsafa. Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa ushahidi juu ya mila za Waluo. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi tarehe 15 Mei 1987, na tarehe 23 mwezi huo S. M. akazikwa Nyalgunga, siku 154 baada ya kufa. Mjane hakuhudhuria.

Wengi wameiandika kesi ile kama vita vya kabila na kabila, au mila na usasa, na yote hayo yalikuwemo. Mimi naiona pia kama kesi ambayo sheria haikuwa na fungu la kugawa. Mwili wa Mjaluo hauchomwi na haugawiki. Unalazwa mzima, katika dala, yaani boma, na pale unapolazwa unakuwa neno la mwisho juu ya ardhi. Kaburi la baba linasema huu uwanja ni wa nani kwa sauti kubwa kuliko hatimiliki. Ndiyo maana halikai njia panda. Likikaa njia panda litasema nini, na kwa niaba ya nani?

Tuiangalie sasa stupa yenyewe, kwa kuwa msomaji wa pwani ya ziwa huenda hajapata kuiona ila kwenye picha. Ile ya Sanchi katikati ya India, ambayo kiini chake ni cha enzi ya mfalme Ashoka, karne ya 3 KK, ni kuba la tofali na mawe lenye kimo cha mita 16 na kitu. Juu ya kuba kuna kijumba cha mraba, na juu ya kijumba kuna mhimili wenye miavuli ya mawe, alama ya enzi. Kuba limezungushiwa ua wa mawe wenye milango minne iliyochongwa. Milango hiyo inakuingiza kwenye njia ya kuzungukia tu. Kuba lenyewe halina mlango. Hakuna chumba cha kuingia, hakuna jeneza la kugusa, hakuna kioo cha kuchungulia. Katika stupa, kwa kawaida masalia huzikwa ndani kabisa kwenye kijisanduku, na juu yake ni tani kwa tani za tofali. Jetavanaramaya ya Anuradhapura huko Sri Lanka ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 122 hivi. Katika dunia ya wakati huo ni piramidi mbili tu za Giza zilizoipita. Tofali zote hizo hazikujengewa chumba hata kimoja cha kukaa mtu.

Kuna hadithi ya zamani kwamba Buddha alipoulizwa umbo la stupa alikunja mavazi yake mraba, akafudikiza bakuli lake la kuombea chakula juu yake, na juu ya bakuli akasimamisha fimbo. Nguo, bakuli, fimbo: mali yote ya mtawa. Waalimu wa Tibet wanasoma umbo hilo kwa namna nyingine. Kitako ni ardhi, kuba ni maji, mnara ni moto, mwavuli ni upepo na kilele ni anga, yaani vitu ambavyo mwili unavirudia ukioza. Maelezo yote mawili yanamwondoa marehemu mbele ya macho. Ukiitazama stupa huoni sura ya mtu. Kwa karne za mwanzo hata sanamu ya Buddha haikuchongwa. Huko Sanchi anaonyeshwa kwa nyayo, kwa kiti kitupu, kwa mti.

Mwamini akifika hapigi hotuba. Anavua viatu, anaweka maua na kuwasha taa, kisha anazunguka kuelekea unakozunguka mshale wa saa, kuba likiwa mkono wa kulia. Ruwanwelisaya, stupa kubwa ya Anuradhapura, hujaa watu waliovaa nyeupe siku za mwezi mpevu, wakienda miguu mitupu juu ya mawe yaliyochomwa na jua. Maua yenyewe ni sehemu ya funzo: anayeyatoa anajikumbusha kwamba yatanyauka, na mwili wake vilevile. Ukizunguka hufiki popote, na kitu unachokizunguka hakikupi jibu wala nafasi ya kuingia. Huzuni ya mtu, au hasira yake, inapewa kazi ya miguu. Baada ya mizunguko kadhaa pumzi imeshuka, na mwili umetulia kabla akili haijapewa sababu.

Watu wa Ziwa hawahitaji kufundishwa hili, maana wana mawe yao. Kit Mikayi iko pembeni mwa barabara hiihii ya Bondo, upande wa Seme: majabali makubwa yaliyopandana kwa kimo cha mita kama 40, yaliyowekwa na maumbile. Masimulizi yanamtaja mzee Ngeso aliyeyapenda mawe yale hata akawa anashinda pangoni kutwa, na mkewe akipelekewa swali, mumeo yuko wapi, akajibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Waumini wa Legio Maria na wa makanisa mengine hufunga na kusali humo, wengine kwa siku kadhaa, na mwaka 2019 UNESCO iliziweka ibada za mahali hapo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mbele zaidi, Yimbo, kuna Got Ramogi, kilima cha msitu ambako Ramogi Ajwang' inasemekana aliweka makazi ya kwanza ya Waluo katika nchi hii. Watu hupanda kutafuta dawa za miti, na wanasiasa hupanda kutafuta baraka kabla ya uchaguzi. Mahali pote pawili pana sifa ya njia panda: anakuja mgonjwa, anakuja mgombea, anakuja mtalii, na hakuna ukoo unaosema marehemu ni wangu peke yangu.

Makaburi ya viongozi ni habari nyingine. Vuka ziwa uende kisiwa cha Rusinga. Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amezikwa Kasawanga, na jengo la kaburi lake lina umbo la risasi. Kwa mbali, mtu aliyezoea picha za Asia angeweza kulidhania stupa, kwa ile duara inayochongoka juu. Lakini mjenzi alichagua kukumbuka namna alivyokufa. Sina neno la kumlaumu, kwani mauaji yale hayajapata kuelezwa kikamilifu na jengo lina haki ya kuendelea kuuliza. Ila ukitoka pale unatoka na swali la nani alimtuma muuaji, na kwa hakika moyo haujatulia. Kaburi la Jomo Kenyatta, kwenye viwanja vya Bunge jijini Nairobi, linalindwa na askari, na mwananchi wa kawaida analiona kwa mbali akiwa barabarani. Risasi Rusinga, bunduki Nairobi.

Wabuddha wenyewe wamefika ziwani, ila upande wa pili. Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa mwaka 1966, alikutana na watawa wa Kithai alipokuwa akisoma India, akawa mtawa mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda huko Garuga, karibu na Entebbe, ufukweni mwa Victoria hii hii. Amesimulia jinsi watu wa Kampala walivyolidhania bakuli lake kuwa ngoma. Nalipenda kosa hilo, kwa kuwa bakuli ndilo lililofudikizwa likawa kuba la stupa. Dar es Salaam nako kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mti wa bodhi uliotoka Sri Lanka. Dini hii basi si ngeni kabisa katika Afrika Mashariki, ingawa wafuasi wake ni wachache.

Ningekuwa mwongo kama ningeiacha stupa iliyopakwa chokaa tu, bila madoa. Mwaka 1898 Mwingereza William Claxton Peppé alichimba tuta la Piprahwa, kaskazini mwa India, akakuta vijisanduku, mifupa na mamia ya vito. Mifupa alipewa mfalme wa Siam, aliyeigawia nchi nyingine za Kibuddha kama alivyofanya Drona. Sehemu ya vito ilibaki katika familia ya mchimbaji, na Mei 2025 ilikuwa iuzwe mnadani Hong Kong. Serikali ya India ilipinga, mnada ukasimamishwa, na Julai vito vikarudi India. Kaburi lisilo na mlango lilivunjwa likawa na mlango, na mlangoni wakasimama wadai walewale: familia, dola, wafanyabiashara, waumini.

Na Sri Lanka, ambako watu wa Kusini wanazunguka kuba kwa utulivu, Watamili wa Kaskazini wana hadithi nyingine. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 2009, mahekalu na stupa mpya zimeibuka katika maeneo ambayo karibu wakazi wote ni Wahindu, Wakristo au Waislamu, nyingine kando ya kambi za jeshi. Jirani anayeamka na kuona kuba jeupe kwenye ardhi aliyoiita yake haoni alama ya amani. Anaona kile ambacho kaburi limemaanisha Siaya siku zote, dai la shamba.

Hapo ndipo ninaporudi Nyamira, kwa sababu kilichotokea Oktoba 2025 kilikuwa na pande zote mbili, utulivu na dai. Raila aliacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Kwa jamii ambayo matanga ya mtu wa hadhi yake yangekula wiki nzima au zaidi, huo ulikuwa mshtuko wa pili juu ya kifo. Siku ya kwanza umati uliutaka mwili, si kwa mfano bali kwa mikono, na katika uwanja wa Kasarani polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Ukafuata uwanja wa Nyayo, ukafuata uwanja wa Mamboleo, Kisumu. Kila mahali mwili ulipopita palikuwa na wadai, taifa, chama, jeshi, kanisa la Kianglikana, ukoo, na vijana wa mitaani wa Kondele waliomwita Baba na ambao hakuna orodha ya itifaki iliyowataja. Wosia ulifupisha mgogoro kwa kuwanyima wote muda. Ndiyo sababu nauhesabu kuwa tendo lake la mwisho la kisiasa, na pengine la busara kuliko mengi.

Halafu baada ya maziko watu hawakuacha kuja. Kwa wiki nyingi makundi yaliingia Kang'o ka Jaramogi kwa matatu, kwa bodaboda, kwa miguu, wengine wakitoka kaunti ambazo Raila hakupata kushinda. Wako waliolala chini wakalia, wako waliosimama tu. Boma la familia lililazimika kubeba kazi ya njia panda, na kubeba huko si rahisi: nyumba ya watu ina wakati wake wa kufunga lango, ina wajane na wajukuu wanaotaka kulia bila kamera. Kama ningeombwa shauri, ningewaambia wenye boma na Makumbusho ya Taifa watengeneze njia ya kuzunguka kaburi, pana, isiyopitia mlango wa mtu, yenye kivuli na maji ya kunywa, na pasiwe na kipaza sauti. Jukwaa hapana. Bondo ina majukwaa ya kutosha.

Kuna tuta moja nililoliacha makusudi hadi hapa. Mambo ya nyakati ya Sri Lanka yanasema kwamba katika karne ya 2 KK kisiwa kile kilitawaliwa kutoka Anuradhapura na Elara, Mtamili, mgeni, asiyekuwa Mbuddha, ambaye hata adui zake walikiri alihukumu kwa haki. Aliyempindua ni Dutugemunu, Msinhala na Mbuddha shupavu, aliyekwenda vitani na masalia matakatifu katika mkuki wake. Walipigana ana kwa ana juu ya ndovu, kwenye lango la kusini la mji, na Elara akafa. Dutugemunu, ambaye baadaye angeijenga Ruwanwelisaya, aliamuru adui yake achomwe kwa heshima za kifalme pale alipoangukia, akamjengea tuta, na akatoa amri: yeyote atakayepita hapo, hata mfalme, ashuke kipandoni na ngoma zinyamaze.

Amri hiyo haikuwa na mwisho wa muda. Mwaka 1818, baada ya maasi dhidi ya Waingereza kushindwa, chifu mmoja wa Kandy aitwaye Pilima Talauwe alikuwa akikimbia kuokoa maisha yake, amebebwa machelani, amechoka. Alipokaribia Anuradhapura hakuwa na hakika tuta la Elara liko wapi hasa. Akashuka, akatembea kwa miguu, wanaomfuatia wakiwa nyuma yake, mpaka alipohakikishiwa kwamba amekwisha kulipita.